Kondensa mpya iliyonilaza Mkata

Nilinunua vipuri vyote kwa mpigo, na hapo ndipo nilipokosea. Harusi ya binamu yangu ilikuwa Tanga, mimi naishi Dar, na Volkswagen niliyoachiwa na baba mdogo, Beetle 1300 ya mwaka 1972, ilikuwa haijavuka Kibaha tangu inifikie mikononi. Nikajiambia gari la umri ule haliendi safari bila kubadilishiwa mfumo mzima wa moto. Nikarudi kutoka dukani na plagi nne, waya zake, kifuniko cha distribyuta (kile kinachogawa moto kwa kila plagi), rota inayozunguka ndani yake, pointi (vibati viwili vinavyogusana na kuachana kuukata umeme), kondensa (kikopo kidogo kinachoshika umeme) na koili inayoukuza umeme wa betri. Fundi wa mtaani akafunga vyote asubuhi moja. Vya zamani akavitia kwenye kopo tupu la rangi, akalisukumia nyuma ya kiti. "Utavitupa mwenyewe, bosi."

Mpaka Chalinze gari lilikwenda vizuri mno, nikawa napiga mluzi. Nilipovuka Wami likaanza kumisi. Nikisimama likapoa, linawaka kwa stata moja. Nikienda kilomita kumi, linakata tena. Jua likazama nikiwa bado nabembeleza. Mkata likazima moja kwa moja. Petroli ipo, betri ipo, stata inazunguka, injini kimya. Nikalala kiti cha nyuma, magoti kidevuni.

Alfajiri, giza bado, dereva wa lori lililoegesha jirani akanigongea kioo. Sikumwita, alijileta mwenyewe. Nadhani alikuwa na hamu tu ya kuona injini iliyoko nyuma. Akafungua kifuniko cha distribyuta, akakiweka pembeni, akaniambia, "Hebu piga stata, kaka, halafu uje uangalie." Tukabadilishana nafasi. Kwenye lile giza niliona mwenyewe: kila pointi zilipoachana, cheche nene za njano zinaruka katikati yake.

"Hapo hapatakiwi kuwaka hivyo," akasema. "Kondensa imekufa. Ya zamani uliitupa?"

Nikaenda kulichimba lile kopo. Kwenye Beetle kondensa imeshikwa kwa skrubu moja nje ya distribyuta, haikumchukua muda. Nikapiga stata, ikawaka. Ile kondensa kuukuu, yenye kutu begani, ndiyo iliyonifikisha Tanga.

Harusi ilipokwisha nilimtafuta mzee mmoja wa Ngamiani aliyezeeka na Volkswagen. Nilimsimulia, akacheka. Akanieleza kwamba pointi zinapoachana, umeme wa koili hautaki kukatika, unataka kuruka. Kondensa inaumeza kwa nukta ile, mkato unakuwa mkali, na ni ukali wa mkato huo unaoifanya koili itoe umeme mkubwa wa kwenye plagi. Kondensa ikivuja, umeme unaishia kuchoma pointi na plagi inabaki na moto wa kibiriti. Na kondensa mbovu hupenda kujificha: injini ikiwa baridi inafanya kazi, ikishapata joto inaharibika, ikipoa inarudi. Akazichomoa pointi zangu zilizokuwa na umri wa siku nane. Upande mmoja palikuwa na kimlima, upande wa pili kishimo.

"Sasa mwanangu, ulibadilisha vitu saba siku moja. Gari likigoma utajuaje nani mwenye kosa?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo nabadilisha kimoja, natembea nacho wiki nzima, ndipo nagusa kingine. Na kopo la vya zamani halitoki garini.

Ni yeye pia aliyegundua kwamba distribyuta yangu haikuwa ya kiwandani. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameweka ile Bosch 009, ambayo husogeza taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwa vyuma vinavyotanuka kwa mzunguko tu, bila bomba la kuvuta hewa kutoka kwenye kabureta. Inapendwa kwa kuwa ni rahisi na haina mpira wa kupasuka ndani. Lakini ukikanyaga mafuta kutoka sailensa, injini ikiwa inazunguka polepole bila kukanyagwa, gari linasita kidogo kabla ya kuondoka, kama mtu aliyeitwa jina akajifanya hajasikia. Miaka yote mimi nililaumu kabureta, nikaisafisha mara tatu bure. Nilirudi Dar nikazunguka kwa wauza spea za mtumba mpaka nikapata ya zamani yenye kikombe cha hewa. Kuijaribu ni rahisi: fyonza kibomba chake kwa mdomo, ziba kwa ulimi, uone kibati cha ndani kimesogea na kubaki pale. Kikirudi taratibu, mpira umetoboka. Ya tatu niliyofyonza ndiyo niliyoinunua, na muuzaji alinitazama kwa mashaka makubwa.

Kwenye plagi nusura niue injini. Muuzaji alinipa BP5ES za NGK, akasema ni sawasawa. Tundu linakubali kweli, uzi wake ni milimita 14. Ila shingo ya plagi yenye herufi E ni milimita 19, na kichwa cha Beetle kinataka milimita 12.7, yaani yenye herufi H, B5HS au B6HS. Hiyo ndefu inachungulia ndani ambako pistoni hupita. Nilizilaza mezani pamoja na plagi kuukuu ndipo nikaona, nikazirudisha. Kuna mtego mwingine: kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume chake. Nyaya nazo zina jambo lake. Za Beetle zina raba pana zinazoziba matundu ya bati la injini, na injini hii inapozwa kwa upepo tu. Waya za bei nafuu zenye raba ndogo zinavujisha upepo huo.

Wengi wamenishauri niachane na pointi, niweke moduli ya elektroniki inayoukata umeme badala yake. Sipingi, zinafanya kazi na hazihitaji kurekebishwa. Lakini ukisahau swichi imewashwa injini ikiwa imezima, nyingine huungua, na ikifa Mkata hakuna bisibisi itakayoifufua. Pointi zinakufa kwa kulalamika kwanza. Nimebaki nazo.

Kuziweka nimejifunza mwenyewe. Nafungua kifuniko na rota, nazungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya dainamo mpaka kile kisigino cha pointi kikalie kilele cha pembe ya shafti. Hapo uwazi uwe milimita 0.4. Kibati cha kupimia kipite kwa kugusa, kisikwaruze wala kisielee. Nikikaza skrubu napima upya, maana mara nyingi kukaza kwenyewe kunasogeza. Halafu grisi kidogo sana kwenye pembe. Bila grisi kisigino kinalika, uwazi unaziba, taimingi inachelewa na gari linakuwa zito bila kujua kwa nini.

Taimingi naipanga kwa taa ndogo ya volti 12: mguu mmoja kwenye namba 1 ya koili, mwingine kwenye bodi. Swichi inawashwa, injini haiwaki. Nazungusha puli mpaka alama ya nyuzi 7.5 ilingane na ufa wa katikati ya injini, nalegeza klampu, nageuza distribyuta polepole. Taa ikiwaka tu, pointi zimefunguka, nakaza hapo hapo. Mara ya kwanza ilinichukua Jumamosi nzima na nilizichanganya waya. Mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-4-3-2, mimi nilifuata 1-3-4-2 wa magari mengine, likapiga kombora la moshi kwenye kabureta hadi watoto wa jirani wakakimbia.

Kondensa ya Mkata bado imo. Nimenunua mbili mpya za akiba, lakini kila moja niliifunga kwanza nikazunguka nayo mjini mwezi mzima, kwenye foleni na jua, ndipo nikaichomoa na kuitia kwenye kopo.