Duka la mdogo wake

Siku ya kesi ya matunzo ya mtoto, baba mtoto wangu alikuja mahakamani na kandambili. Mtu ninayemjua mimi, anayepigaga pasi mpaka soksi, siku hiyo kavaa tisheti ya kampeni imepauka anamwambia hakimu yeye ni kibarua tu, akipata anakula asipopata analala. Mi nimekaa pale nataka kucheka nataka kulia, maana ile Noah naijua, duka la vifaa vya ujenzi Mbagala nalijua, vyumba vitano vya kupangisha Chamazi navijua. Sasa gari ina jina la kaka yake, duka la mdogo wake, kiwanja cha mama yake. Yeye ana kandambili.

Tulianzia ustawi wa jamii, kaitwa mara tatu kaja mara moja, akasaini kutoa elfu 50 kwa mwezi na hakutoa hata mia. Dada wa pale ndo akanambia nenda mahakama ya watoto ila usiende na mdomo mtupu.

Kumbe Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 44, haiangalii mshahara peke yake, inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili (ndiyo, hata vitumbua vyangu vilihesabiwa), watoto wengine anaowatunza, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kwahiyo "sina kazi" siyo jibu. Na afadhali yetu, maana kabla ya hapo mtoto wa nje ya ndoa sheria ilimpangia isiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja jamani.

Nikaenda ardhi kufanya upekuzi, yani waangalie kwenye daftari lao vile vyumba vina jina la nani, patupu. Huko Chamazi wangapi wana hati? Watu wanauziana kwa karatasi, inagongwa muhuri serikali ya mtaa, imeisha hiyo. Yani Dar kuficha nyumba ni rahisi kuliko kuficha mchepuko. Ila wapangaji wanajua kodi wanampa nani, na mmoja, Mungu ambariki, alikubali kuja kusema.

Duka ndo lilinipa raha. Nikajifunga mtandio nikaingia kama mteja, nikaomba misumari nusu kilo, kijana akanionesha lipa namba imebandikwa ukutani. Naingiza namba, naweka kiasi, kabla sijaweka namba ya siri si jina likatokea! Majina yote matatu ya baba mtoto wangu, mpaka la babu yake. Mkono ulikuwa unatetemeka nikapiga picha ya skrini mara nne, halafu nikalipa, misumari ninayo mpaka leo na sina hata nyundo. Yule wakili wa msaada wa kisheria alipoiona akaomba mahakama iagize taarifa ya miamala ya hiyo namba.

Siku taarifa inaletwa, mwenzangu alikuja na viatu.

Hakimu akaandika 150,000 kwa mwezi, ada na matibabu juu yake. Miezi mitatu ikaingia vizuri tarehe 5, wa nne kimya, napiga simu haipokelewi, nikarudi kuomba kukaza hukumu, yani mahakama imlazimishe kulipa, na sasa nasubiri tarehe nyingine. Juzi usiku simu ikalia, elfu 80. Nikasoma meseji mara mbili kuona imetoka kwa nani. Jina la mdogo wake.