Pangani, mto na kasa

Ukingoni Pangani, ng'ambo ya Bweni, maji ya mto ni mazito kwa udongo mpaka yakutane na bahari. Mji huu ndiko Wajerumani walikomnyonga Abushiri, Desemba 1889, kwa kuwapinga. Kila nikipita hapa humkumbuka.

Ila kinachoniuma zaidi ni Maziwe, huko baharini mbele ya Pangani. Kisiwa kile kilikuwa na mivinje. Miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, na leo maji yakijaa hukioni. Kasa bado hupanda kutaga. Mayai yasipohamishiwa ufukwe wa Ushongo, bara, bahari huyafunika.

Nilishuhudia yakianguliwa: kitoto kidogo kuliko kiganja, mchanga umemganda machoni, akipiga makasia kuelekea majini. Tulinyamaza wote mpaka wimbi lilipomchukua.