Maegesho ya magari yenye historia

Jana hapa Montreal nimepita mtaa wa Stanley, katikati ya mji, nikasimama mbele ya jengo la kuegesha magari. Wapita njia wananishangaa, huyu anapiga picha ya nini?

Jamani, hapo ndipo palipokuwa Victoria Skating Rink, ukumbi wa kuteleza kwenye barafu! Machi 3, 1875 ilichezwa mechi ya hoki ya barafuni ndani ya ukumbi, wachezaji 9 kila upande, na badala ya mpira walitumia kisahani cha mbao ili kisiruke na kuwapasua watazamaji. Desemba 1886 ikaundwa ligi ya ridhaa yenye timu 5: 4 za hapa, moja ya Ottawa.

Kilichonichekesha ni mfumo wao wa mwanzo. Ratiba hakuna. Bingwa anatulia, anayetaka taji anakuja kumpa changamoto, kama ndondi vile. Tena hairuhusiwi kumpasia mwenzako aliye mbele yako. Mshahara hakuna, na barafu yenyewe ni ya baridi ya asili, hali ya hewa ikipata joto mnacheza kwenye tope la maji.

Mimi nimeegesha hapo saa moja tu, bei yake sisemi!