Tulivyojifunza kusoma meseji za M-Pesa Kibuye

Mama yangu huuza omena soko la Kibuye, Kisumu. M-Pesa ilianza 2007 naye akajisajili mapema, lakini miaka yote hiyo namba yake ya siri tuliijua mimi, ndugu zangu na kijana wa duka la jirani. Kusoma anasoma kidogo. Hesabu za gorogoro, yale makopo ya kupimia, hakuna anayemshinda.

Mwaka jana akapigiwa simu: "Mama, nimekutumia 3,000 kimakosa, nirudishie." Meseji ilikuwa imeingia kweli. Akatuma. Jioni nilipoitazama, nikaona imetoka kwa namba ya mtu wa kawaida, wala si kwa jina MPESA. Pesa ya mzigo wa kesho yake ilikuwa imekwenda. Iliniuma sana, maana mimi ndiye niliyezoea kumwambia, "Lete simu nikufanyie."

Jumapili iliyofuata, soko lilipopoa, nikakaa naye na wenzake wanne wa chama chao cha akiba. Tulibadilisha namba za siri na kuweka menyu kwa Kiswahili. Kisha tukasoma meseji, moja baada ya nyingine: kiasi, jina, salio, ada. Wakawa wanaziandika tarakimu hizo daftarini. Kumbe hesabu ya biashara, waliyodhani hawana, ilikuwa ndani ya kabambe zao, zile simu ndogo za vitufe, siku zote. Mtu akidai amekosea kutuma, sasa wanapiga *334# kuangalia salio kwanza. Aliyekosea kweli ataituma meseji yake kwa namba 456 ya Safaricom, kuomba arudishiwe.

Mikopo ndiyo iliyotushika jioni tatu nzima. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilipoanza 2012, ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Neno asilimia halikuwaambia kitu. Nikasema: unakopa 1,000, unarudisha 1,075. Wakaona ni kidogo. Tukahesabu mtu akikopa hivyo kila mwezi, miezi 12: ada peke yake ni 900.

"Hiyo si ni ile elfu yenyewe, karibu?" akauliza muuza nyanya. Tangu siku hiyo anaweka 30 kila jioni upande wa akiba, kabla hajanunua unga.

Wawili bado huwaita wajukuu wawasomee, na tunaendelea nao. Mama, wiki iliyopita nilimtumia 500. Hazikupita dakika tano akanipigia: "Mwanangu, asante, nimeiona. Lakini mbona hukuweka ya kutolea?"