Maji kwenye oili ya EMD 645: tafuta chanzo kabla ya kung'oa silinda

Oili ikigeuka kijivu yenye povu, usikimbilie spana. Kwenye EMD 645, injini ya dizeli ya vichwa vya treni, kila silinda hutoka kama seti moja: silinda hedi, laina (mrija ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti). Hiyo ni sababu moja ya vichwa vya treni vya miaka ya 1960 na 1970 kurudishwa kazini hadi leo. Lakini urahisi huo huwaponza mafundi: seti inabadilishwa, kumbe maji yanavuja kwingine.

Zima injini, acha mfumo wa maji ukiwa umejaa, fungua vifuniko vya sanduku la hewa (chumba cha hewa kinachozunguka laina) na vya krenkikesi (sehemu ya chini yenye krenkishafti) pande zote mbili, kisha mulika silinda moja moja. Tone likining'inia kwenye bomba dogo linaloingiza maji kwenye laina, oringi yake imekufa, na hiyo hubadilishwa bila kutoa seti. Maji yakitiririka nje ya laina kutoka juu, shuku sili za mashimo 12 ya maji kati ya laina na hedi. Ukiyaona juu ya pistoni kupitia matundu ya laina, hapo kuna ufa, mara nyingi kwenye hedi. Kagua injini ikiwa baridi, kisha rudia ikiwa na joto. Sili iliyokauka huvuja ikipoa, ilhali ufa unaweza kujificha mpaka chuma kipate moto.

Injini iliyolala usiku isiwashwe hivi hivi. Fungua valvu za kupimia (vali ndogo zinazofungua silinda kwa nje) za silinda zote, uizungushe kwa mkono mzunguko mmoja kamili. Unatosha, maana ni injini ya mipigo miwili na kila pistoni hufika juu mara moja kwa mzunguko. Silinda ikitema maji, simama hapo hapo. Maji hayabanwi, starta itapinda konrodi.

Ukilazimika kutoa seti, kumbuka konrodi mbili zinashiriki jono moja (sehemu ya mviringo inayoshikwa na konrodi) la krenkishafti: moja ina umbo la uma, nyingine hukaa katikati yake. Tegemeza ile inayobaki kabla ya kulegeza mwenzake. Sili zote ziwe mpya, hata zinazoonekana nzima. Baada ya kukaza, weka waya wa madini ya risasi juu ya pistoni, zungusha injini, pima unene uliobaki na uulinganishe na kitabu cha injini. Nafasi ikizidi kiwango, huenda ni beringi ya pini ya pistoni iliyolika.

Oili iliyochanganyika na maji haiokolewi kwa kuchujwa. Imwage yote, safisha sampu (tangi la oili chini ya injini), badilisha filta, na ukague bea kuu (beringi zinazobeba krenkishafti), kwa kuwa zimekuwa zikifanya kazi bila utando wa oili wa kutosha. Washa kwa dakika chache bila mzigo, zima, kisha gusa kifuniko cha kila bea kwa mkono. Chenye moto kuliko jirani zake kifunguliwe. Mzigo kamili uje baadaye, na injini ikipoa, tochi irudi kwenye sanduku la hewa.