Meli moja kati ya elfu sita

Juzi mama mmoja wa miaka themanini na miwili aliniletea picha ya kuchorwa niithamini, ikiwa imefungwa ndani ya shuka. Nikaifungua mezani: meli ya mvuke, dohani moja, milingoti miwili, mawimbi ya kijani yakipasuka mbele, omoni. Chini kulia, kwa herufi ndogo zilizonyooka, pameandikwa A. Jacobsen, 1901, 31 Palisade Av., West Hoboken, N.J.

Babu yake alikuwa fundi wa mitambo katika meli hiyo. Miaka tisa iliyopita muuzaji fulani wa vitu vya kale aliiona picha sebuleni akamwambia ina thamani ya dola 40,000. Hakuigeuza nyuma, hakuwasha hata taa. Tangu siku hiyo mama amekuwa akilipia bima ya dola 40,000 kutoka kwenye pensheni yake. Jambo hili limenikera sana, na ndiyo sababu naandika.

Antonio Jacobsen alizaliwa Copenhagen mwaka 1850, akahamia Marekani akiwa kijana. Riziki yake ya mwanzo ilikuwa kupamba makasha ya chuma ya kuhifadhia fedha. Baadaye kampuni ya meli ya Old Dominion ikampa kazi ya kuchora meli zake, na hakuacha tena. Kufikia kifo chake mwaka 1921, anakadiriwa kuwa amechora picha zaidi ya 6,000. Manahodha, mafundi na wenye meli waliagiza, na inasimuliwa kuwa nyingine alizitoza dola tano tu. Watoto wake walimsaidia, hasa kwenye anga na maji.

Ukiwa na mchoraji wa namna hiyo, jina peke yake halikupi bei. Sahihi ya mchoraji ni mwanzo tu wa maswali. Kinachouzwa hasa ni meli yenyewe: ni ipi, ya kampuni gani, nani leo anaitafuta. Mashua za mashindano na merikebu za matanga zilizojaza upepo hugombaniwa mnadani. Meli kubwa za abiria za Atlantiki nazo zina watu wake. Meli ya mizigo ya pwani isiyojulikana, hata ikiwa imechorwa na mkono uleule, wiki ileile, huishia kwenye maelfu machache ya dola. Nafahamu inauma kulisikia hilo, hasa kwa mtu ambaye babu yake alitoka jasho ndani ya tumbo la meli hiyo.

Mimi nilifanya kazi melini miaka kumi na mmoja kabla ya kuingia kwenye uthamini, kwa hiyo naanza na meli kabla ya rangi. Bendera ya kampuni iko juu ya mlingoti unaostahili? Rangi za dohani ni za kampuni hiyo kweli? Bendera ya Marekani huko tezi, nyuma ya meli, mwaka 1901, ilikuwa na nyota 45. Ukiweza kuzihesabu, zihesabu, ingawa mara nyingi ni vidoa tu. Anwani nayo ni shahidi. Picha zake za mwanzo zina anwani ya 8th Avenue, New York. Palisade Avenue inakuja baada ya kuhamia West Hoboken, jimbo la New Jersey, mwaka 1880. Mji huo siku hizi haumo kwenye ramani kwa jina hilo, kwani mwaka 1925 uliungana na jirani yake Union Hill ukawa Union City. Mwisho naipekua orodha ya picha za Jacobsen iliyokusanywa na Harold Sniffen, aliyekuwa wa makumbusho ya bahari ya Mariners' Museum, Newport News, Virginia, nione kama meli imo. Hii ilikuwemo.

Kisha nikazima taa za chumba, nikawasha ya miali ya urujuanimno (ultraviolet). Hapa ndipo moyo wangu uliposhuka. Vanishi ya zamani hung'aa kijanikijani kama maji ya bwawa, na rangi iliyoongezwa baadaye hutokea nyeusi juu yake. Anga yote ya kushoto ilikuwa na mabaka meusi. Nikasogeza lenzi kwenye kamba za mlingoti wa mbele. Jacobsen alizipitisha kamba kwa mstari mwembamba sana wa rangi juu ya anga iliyokwisha kukauka. Mtu akisafisha picha kwa dawa kali, kitu cha kwanza kuondoka ni kamba hizo. Na kweli zilikuwa zimeondoka, kisha mtu mwingine akazichora upya kwa mkono mzito. Kamba mbili hazikufika popote, zimening'inia hewani bila kushika kitu. Mchoraji aliyekuwa akichorea manahodha asingethubutu; nahodha angemrudishia picha papo hapo.

Nyuma, kitambaa cha asili kilikuwa kimebandikwa kingine kipya, kwa hiyo maandishi yoyote ya zamani yamefunikwa. Lakini kwenye ubao wa juu wa fremu ya ndani kulikuwa na jina la babu yake kwa penseli, na neno "engine". Mama alilisoma kwa kidole, herufi moja moja.

Nikamwandikia dola 6,500 kama bei ya sokoni, ile ambayo mnunuzi na muuzaji wasiolazimishwa wangeafikiana. Ya bima nikaiweka juu kidogo, kwa kuwa bima hulipa gharama ya kutafuta nyingine kama hiyo dukani. Nikamweleza pia kwamba akiamua kuitoa kwa makumbusho na kudai mapato yake yanayotozwa kodi yapunguzwe kwa zaidi ya dola 5,000, serikali ya Marekani itataka ripoti ya mthamini anayekubalika, na mthamini huyo haruhusiwi kulipwa asilimia ya thamani anayoitaja. Anayekutaka asilimia, mwache. Mimi nilimtoza saa zangu tatu.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Lakini ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama. Meli ni ya kweli, sahihi ni ya kweli, na babu yako alikuwemo."

Akasema hauzi. Niliuliza inatundikwa wapi, akasema juu ya meko, na tukakubaliana ihamie ukuta wa korido, mbali na joto. Waya wa kutundikia ulikuwa umekula kutu hadi kubaki nyuzi mbili, nikauondoa, nikafunga mpya, nikauvuta mara tatu kwa uzito wangu. Shuka alilikunja mwenyewe.