Kichwa cha trela kilivyoacha kunirusha
Kutoka Mariakani kuja Changamwe nilikuwa narushwa mpaka mgongo unawaka, hasa nikirudi bila kontena. Nikapunguza upepo wa tairi (msijaribu, zinapata moto). Nikabadilisha shokomzoba za nyuma. Pesa zikaenda, mrusho ukabaki.

Juzi hapo Miritini mzee mmoja fundi hakushika hata spana. Alitoa tepu, akapima kutoka ekseli hadi chesi (fremu ya gari): gari liko juu mno. Kumbe kile kijiti kinachounganisha ekseli na valvu ya kupima urefu kimepinda, valvu inadhani gari liko chini, basi mifuko ya upepo inayobeba gari badala ya springi inajazwa hadi inakuwa migumu kama jiwe. Kijiti chenyewe kidogo tu!

Tukaegesha pa tambarare, matangi ya upepo yamejaa, akafunga kipya na kupima tena hadi ikalingana na kipimo cha kiwanda. Leo chai yangu haikumwagika.